Mkono Mmoja wa Shemeji Alvin

Shemeji yangu Alvin Terhaar alikuwa na maneno mawili tu uwanjani: "Mikono miwili." Alikuwa akiyapaza tangu mimi ni msichana. Mchezaji wa timu ya mji wetu, Kessel, akidaka mpira kwa mkono mmoja, hata kama ameudaka vizuri, Alvin atasimama mahali pake kwenye reli ya kushoto, glovu yake kuukuu kwapani, amkumbushe kwamba Mungu hakumpa ule mkono mwingine wa kushikia kofia. Wachezaji walimzoea. Wageni walidhani ni kocha.

Mimi ndiye ninayeuza soseji nyuma ya majukwaa, dirisha la pili baada ya choo, kwa hiyo kila Jumapili ya kiangazi kwa miaka thelathini na moja nilimsikia Alvin hata nisipomwona. Amemuoa dada yangu Bernadine. Aliendesha lori la maziwa mpaka akastaafu, na nadhani ni zile saa za peke yake barabarani, akisikiliza besiboli redioni, zilizomjaza maoni. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na hakuna hata moja lililokuwa dogo.

La kwanza lilikuwa kwamba kupiga mpira wa besiboli ndiyo kazi ngumu kuliko zote michezoni. Kaka zangu, ambao ni watu wa magongo ya barafuni, walimbishia kila Krismasi mpaka bata akapoa mezani.

"Mpira mviringo, gongo mviringo, na anayeurusha anaomba ukose," Alvin alisema. "Anayekosa mara saba kati ya kumi tunamwita bingwa. Wewe shemeji, ukiunguza soseji saba kati ya kumi tutakuitaje?"

"Nikiunguza saba utazila zote saba," nilimwambia, "halafu utaomba ya nane."

La pili lilihusu filamu za vichekesho. Ijumaa za baridi tunaonyesha filamu katika ukumbi ulio chini ya kanisa, na Alvin ndiye aliyekaa kando ya mashine kama hakimu. Filamu ya kuchekesha yenye besiboli ndani yake hakuivumilia kama mwigizaji hajui kurusha. "Tazama huyo, anafukuza kuku," alisema kwa sauti, na watu wa mbele wakamgeukia wamnyamazishe. Tena alikuwa na kanuni ya kicheko. Mtu anayeanguka huku anajua kwamba anachekesha, hachekeshi. Anayechekesha ni yule aliye makini kabisa mpaka tumbo linapogusa ardhi. Nilimwona kuwa msumbufu, lakini kwa hili naungama kwamba alisema kweli.

La tatu ni kashfa. Wapigaji waliovimba kwa dawa alitaka wafutwe vitabuni wao na mama zao. Kuiba ishara za siri za mrushaji kwa macho aliita akili, kwa kamera aliita wizi. Lakini aliyemchefua kuliko wote alikuwa mtazamaji anayenyoosha mkono na kugusa mpira unaochezwa. Huyo, alisema, amekuja kutazama mchezo akaishia kuuharibu, na hana udhuru wowote. Na maoni haya hayakubaki maneno. Alvin aliyageuza kuwa sheria, na wa kwanza kupatwa nazo alikuwa rafiki yake mkubwa.

Hubert Zierten ni fundi wa matrekta na mkulima wa mahindi. Yeye na Alvin walisimama pamoja kwenye reli ile tangu ujana. Sasa ni miaka kumi na moja, mpira wa mpigaji wetu ulikuja ukibingirika kando ya reli ukaishia kiganjani mwa Hubert. Kwa kuwa mtazamaji ameugusa, mwamuzi akawarudisha wakimbiaji wetu, tukakosa pointi mbili, tukafungwa. Hubert akasema hakunyoosha mkono, mpira uligonga nguzo ukamrukia. Alvin akasema ameona kwa macho yake, Hubert aliinama akauokota kama yai.

Kamati ya uwanja ikamwamini Alvin. Ikapitishwa sheria, na Alvin mwenyewe akaiandika kwa rangi ya kijani kwenye ubao uliopigiliwa kwenye reli: ANAYEGUSA MPIRA UNAOCHEZWA, NDANI YA RELI AU NJE YAKE, HAINGII UWANJANI MPAKA MWAKA UZUNGUKE. Hubert hakugombana na mtu. Shamba lake linapakana na uwanja upande wa kushoto, nyuma ya ukuta wa mbao. Akasimamisha ngazi mwisho wa mahindi yake, akakaa juu yake, akatazama mchezo kutokea huko. Mwaka ulipoisha lango lilikuwa wazi kwake, lakini hakurudi. Kila Jumapili kofia yake ilionekana juu ya mbao, na Alvin kila Jumapili alitazama upande mwingine.

Sasa niseme nisilolisema wakati ule. Mpira ulipomgusa Hubert, Alvin alikuwa dirishani kwangu, ananing'ang'ania nimwongezee haradali. Kelele zilipolipuka alikimbia na soseji yake. Hakuona kitu. Niliposikia kwamba ameona kwa macho yake, nilisema kesho nitamsema, kesho ikawa wiki, na wiki ikawa miaka. Alikuwa shemeji yangu, na dada yangu angeninunia. Hizo ndizo sababu zangu na hazitoshi.

Basi, Jumapili ya mwisho ya Agosti mwaka jana tulicheza na Luxdorf. Mshindi angekwenda mashindano ya jimbo, mahali ambapo Kessel haikuwa imefika tangu baba yangu akiwa na nywele. Tulikuwa mbele kwa pointi moja, duru ya tisa, ya mwisho, wakimbiaji wao wawili wakiwa vituoni, na ilibaki kumtoa mtu mmoja tu tushinde. Soseji zilikuwa zimeniishia. Ya mwisho alinunua Alvin. Nikafunga dirisha nikaja kusimama kwenye jukwaa, ndiyo maana hili niliona mwenyewe.

Mpigaji wao aliupiga mpira juu sana. Ukapanda, ukasimama kidogo hewani, ukaanza kushuka upande wa kushoto, kwenye reli. Corey Ohmann, mlinzi wetu wa upande ule, alikuja mbio akanyoosha glovu yake juu ya reli. Angeudaka kabla haujagusa chini, mpigaji angetoka na mchezo ungeisha.

Mtu aliyezaliwa Kessel akiona mpira unamshukia, mkono huondoka wenyewe. Mkono wa Alvin uliondoka. Mmoja tu, kwa sababu wa pili ulikuwa na soseji, na glovu ilikuwa kwapani. Mpira ulimgonga vidole ukaanguka kwenye kokoto, Alvin naye akaufuata. Alipita juu ya reli kichwa mbele, makini kabisa, akatua kwa tumbo chini ya ubao wake wa kijani, haradali mpaka sikioni.

Luxdorf walicheka kwanza. Kisha, Mungu atusamehe, tukacheka sisi. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa upole, "Mikono miwili, mzee."

Mwamuzi, Wendell Brixius, aliamua kwamba mpira ulikuwa umeshavuka reli kuja upande wa watu, kwa hiyo kwa kanuni za besiboli hakuna kosa, mpigaji aendelee. Akaendelea. Mpira uliofuata aliupeleka nje ya uwanja, pointi tatu kwa mpigo, na Luxdorf ndio waliokwenda mashindano ya jimbo.

Kwa siku tatu Alvin alikaa jikoni kwa dada yangu akitoa maelezo. Mara upepo, mara jua, mara Corey ana viganja vya siagi, angeukosa tu. Mara Wendell amesema hakuna kosa, na Wendell ana cheti.

Bernadine alikuwa anamenya viazi. "Sawa," akasema. "Vuka barabara ukamweleze Hubert hayo."

Alvin alishika kikombe cha kahawa iliyopoa, asinywe wala asikiweke chini. Hakutaja upepo tena.

Alhamisi alikuja mwenyekiti wa kamati, Bibi Ardis Koopmeiners, na keki ya tufaha, kumwambia kwamba wamezungumza na wameona yaishe. "Mzee Alvin, sheria ile tuliiweka kwa ajili ya watu wasiojua mpira."

"Mliiweka kwa ajili ya Hubert," Alvin akamjibu. "Na Hubert anajua mpira kunipita. Mwaka ni mwaka, mama. Keki iache."

Watu wakamsifu mjini kote. Mimi sikumsifu. Nilijua kwamba mwaka mmoja nje ya lango ulikuwa sehemu rahisi ya deni lake, na baridi nzima nilingoja nione kama atailipa ile nyingine. Hakusema kitu. Katika ukumbi wa kanisa ilionyeshwa filamu ya bwana harusi aliyeteleza akiwa amebeba keki, na ukumbi mzima, badala ya kucheka, ukamgeukia Alvin.

"Alijua anaanguka," Alvin akasema. "Hafai." Hapo ndipo watu walipocheka mpaka mashine ikasimamishwa.

Mwezi wa Mei mechi zikaanza. Uwanja ulikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Corey alidaka mpira wa kwanza kwa mkono mmoja, na nikamwona anageuka kutazama reli, akingoja. Sikuweza kuvumilia. Nilimwachia Bernadine dirisha, nikachukua soseji mbili, nikazunguka nyuma ya ukuta wa kushoto.

Alvin alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, glovu magotini, uso wake hatua mbili kutoka kwenye mbao. Hakuona kitu ila mbao. Hatua chache kando yake, juu ya ngazi ya kusimama yenye pande mbili, alikaa Hubert, mgongo umenyooka, macho uwanjani.

"Mwaka wa kwanza ni mgumu," Hubert akasema bila kugeuka. "Hapo ulipo utaona mbao tu."

"Naziona," Alvin akasema. "Zinataka rangi."

"Upande wa pili wa hii ngazi haujawahi kukaliwa. Panda. Kidato cha tatu kinalia, usiogope."

Alvin alipanda polepole. Kidato kikalia. Wakawa wamekaa juu kule wanaume wawili wa miaka sabini, bega kwa bega, wakatazama duru nzima. Nilisimama chini na soseji zangu.

"Hubert," Alvin akasema. "Siku ile sikuona."

"Najua."

"Nilikuwa nyuma, kwenye soseji. Nilisema nimeona, na sikuona kitu."

"Najua, Alvin. Ulikuja mbio na haradali kwenye shati."

Alvin akamgeukia. "Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani utasema wewe," Hubert akasema. "Nilidhani itakuchukua kama wiki mbili."

Alvin alivua kofia akaiweka kwenye goti, akaivaa tena. Akasema, "Nilikukosea sana," na Hubert akasema, "Ulinikosea," kisha mpira ukapigwa kuja kushoto, Corey akaudaka kwa mkono mmoja, na wale wazee wakapiga kelele kwa pamoja, "Mikono miwili!" Ndani ya ukuta nikasikia jukwaa zima linacheka na kupiga makofi. Nami nikacheka. Nilidhani yameisha, na kwamba nimeyatazama yote kwa raha kutoka chini.

Hubert akainamisha kichwa akaniangalia.

"Na wewe, Loretta," akasema. "Haradali hiyo ilitoka dirishani kwako."

Hakukasirika, na heri angekasirika. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemhukumu Alvin moyoni kwa kunyamaza, na tulikuwa tumenyamaza wote wawili. Nilimwambia Hubert anisamehe, nikamnyooshea soseji. Aliichunguza kwanza kama kuna haradali. Kisha akainama kutoka juu ya ngazi akaipokea, kwa mikono miwili.