Siku Mtani Alipolia

Mume wangu Mhina alifukuzwa kazi mchana kweupe, mwaka ule wa Azimio la Arusha, kwa kosa la kwenda kuzika. Kuzika, jamani, si kulewa!

Alikuwa dereva wa treni ndogo ya kubebea mkonge kwenye shamba kubwa la kampuni, nje kidogo ya Korogwe. Rafiki yake pale alikuwa Mihayo, Mnyamwezi aliyeletwa kukata mkonge tangu enzi za Mwingereza, hana mke, hana ndugu Tanga nzima. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na hao wawili walitukanana kila siku iendayo kwa Mungu. "Mtumwa wangu keshakula?" Mhina anauliza akifika mlangoni. Mwenzake anamrudishia tusi bovu zaidi, kisha wanakula sahani moja.

Mihayo alipofariki, nani angemsimamia mazishi kama si mtani wake? Mhina alimuaga msimamizi, akaiacha treni na mzigo wake, akaenda makaburini. Huko alifanya kazi ya mtani sawasawa. Alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote, akamwita marehemu mwizi wa kuku, watu wakacheka huku wanalia. Yeye hakutoa chozi, maana mtani halii.

Aliporudi, meneja akamwambia ruhusa ya msiba ni ya ndugu wa damu tu. "Kuanzia leo huna kazi, na nyumba ya kampuni uihame kabla ya wiki kwisha." Nami humo ndani nina mtoto anayenyonya!

Kila mtu akaja na lake. Shemeji yangu akataka Mhina akampigie meneja magoti. Mama akasema turudi kwetu Handeni tukalime mahindi. Mzee Hiza, Msambaa wa Bungu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi pale shambani, na yeye hakutaka kusikia habari za magoti.

"Siku hizi kuna sheria," akasema. "Mtu hafukuzwi kama mbwa. Kamati ilipaswa kuulizwa kwanza, na hatukuulizwa. Tunapeleka shauri Baraza la Usuluhishi, tena upesi, ukichelewa hawakusikilizi. Na nyumba msihame."

Siku ya shauri nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda nao. Njiani Mzee Hiza alimfundisha Mhina: ukiulizwa, sema Mihayo alikuwa kama ndugu yako. Mhina akaitikia, "Ndiyo, mzee."

Mwenyekiti wa baraza, Bwana Valerian, akamuuliza, "Marehemu alikuwa nani wako?"

Mhina akasimama wima. "Mtumwa wangu, bwana. Mwizi wa kuku."

Yalaa! Nikajishika kichwa. Mzee Hiza akafumba macho, meneja akatabasamu. Nikaona kazi imekwenda, nyumba imekwenda. Lakini angesema nini? Tangu lini mtani akamsifu mtani wake?

Bwana Valerian hakucheka. "Uliacha treni kwa ajili ya mwizi wa kuku?"

"Nani mwingine angekwenda, bwana? Hakuwa na mtu. Mtu wake ni mimi." Hapo Mhina akalia mbele ya baraza zima, mwanamume mwenye ndevu zake.

Bwana Valerian akamgeukia meneja. "Kampuni ilimtuma nani kwenda kumzika?"

Meneja akakiri haikumtuma mtu.

Baraza likaamua Mhina arudi kazini, akatwe mshahara wa siku ile tu kwa kuacha mzigo njiani. Mzee Hiza alimpiga mgongoni mpaka akakohoa.

Tukarudi kwa miguu, Mhina anatembea kichwa chini. "Baba Athuman," nikamwambia, "kazi umeipata, nyumba unayo, mbona umenuna?"

Akasimama. "Mama Athuman, siku nikifa mimi, nani atakuja kunitukana?"

Nilimpenda mume wangu saa ile kuliko siku ya harusi. Wakati wetu mke hakumshika mume mkono barabarani, ilikuwa aibu. Nikamshika.

"Nitakutukana mimi," nikasema. "Tena naanza leo. Dereva gani wewe, unalia mbele ya meneja?"

Akacheka, kisha akalia tena, na mkono wake sikuuachia mpaka tulipofika nyumbani.