Kizazi Changu Hakikuwa na Kosa

Mama zangu na dada zangu, padri ameniomba niwaeleze ugonjwa wangu kwa upole. Nitajaribu, lakini upole wangu hautafika mbali.

Naitwa Keji. Nilikulia ukimbizini Uganda, nikarudi Juba tulipopata uhuru. Nikafungua hoteli ndogo mtaa wa Malakia, napika chapati na maharagwe. Nilikuwa na nguvu, gunia la unga nabeba mwenyewe.

Kisha tumbo likaanza kujaa chini ya kitovu. Mume wangu, Taban, akafurahi, akidhani ni mimba. Haikuwa. Nilichoka ovyo, nikila vijiko vichache nashiba, na choo changu kilikuwa cheusi kama lami, kinanata.

Nikaenda kwa daktari mmoja mwenye kliniki yake sokoni. Bwana mkubwa, viatu vinang'aa. Alipitisha mashine ya picha tumboni mara moja, kama anayefuta meza.

"Uvimbe wa kizazi," akasema. "Wanawake wasiozaa hupata huo."

"Na choo cheusi, daktari?"

"Punguza maharagwe."

Maharagwe! Mtu asome miaka yote hiyo aje kuyasingizia maharagwe yangu. Wifi yangu akalidaka lile neno la kizazi. "Khalas, kaka yangu ameoa kizazi kibovu."

Siku moja nikaanguka jikoni, nimepauka. Wakati huo bunduki zilikuwa zimeanza kulia Juba. Wakubwa waliotuahidi nchi walikuwa wanaigombania kwa risasi, na yule daktari alikuwa amekimbia kabla ya wagonjwa wake. Taban akanipakia kwenye lori la Mganda aliyekuwa anarudi kwao. Tulipofika Nesitu, kwenye barabara ya kwenda mpakani, askari wakatusimamisha.

"Mama iko mgonjwa sana," dereva akawaambia. "Iko natapika damu. Nyinyi nataka kubeba yeye?"

Sikuwa natapika. Lakini waliogopa kuambukizwa, wakatuachia haraka.

Kampala waliniongeza damu, wakanipasua. Nilipoamka, daktari wa upasuaji akasema, "Kizazi chako ni kizima. Uvimbe uliota kwenye mfuko wa chakula, ukaning'inia mpaka chini. Ulikuwa unavuja damu, ndiyo maana choo kilikuwa cheusi."

Hata huko, jibu la kwanza la maabara lilikuwa uvimbe wa msuli usio na madhara. Daktari mama mmoja akalikataa. "Kwa macho, uvimbe wa hatari na usio wa hatari hufanana," aliniambia. "Nataka kuipaka nyama hii dawa nyingine." Akaipaka, ikageuka kahawia. Saratani ya tumbo, ya aina inayopatikana kwa nadra. Nikaanza kumeza vidonge kila siku. Vilinivimbisha macho, lakini uvimbe haukurudi.

Niliporejea Juba nilikutana na yule bwana sokoni. "Si nilikuambia ni uvimbe?" akasema, anatabasamu. Nilimtazama toka chini hadi juu, nikaendelea kuchagua vitunguu.

Namshukuru Mungu, na Taban, na dereva yule mwongo, na yule daktari mama ambaye hakuyaamini macho yake mwenyewe. Dada zangu, choo kikiwa cheusi, msikae nyumbani. Mkipasuliwa, ulizeni kama nyama imepelekwa kupimwa. Na mtu akikulaumu kabla hajakupima vizuri, nyanyuka uende kwa mwingine. Mimi nilibaki kwenye kiti cha kliniki ile nikamwambia yule bwana, "Asante, daktari." Heshima ile nusura inizike.