Laptopu Iliyokesha Ikitafuta

Bado nina hasira na ile laptopu, na nadhani nitazeeka nayo. Ilikuwa ya mtumba. Enzi zile za soko huria kila kitu kilitufikia kikiwa kimeshachokwa na wenyewe: mashati, majokofu, mabasi, sasa na kompyuta. Muuzaji wa Mwembesongo alinifundisha jambo moja tu. "Usiizimezime, sista, utaiua. Funika tu, inalala yenyewe." Nami, mwalimu mzima wa sekondari, nikameza maneno ya mtu aliyekuwa akiuza pasi na feni meza hiyohiyo.

Nilikuwa naandika tasnifu, na umeme ulikuwa wa mgao. Siku ukiwapo kwetu Kilakala naijaza chaji mpaka pomoni, naifunika, naiviringisha khanga, naiweka kabatini niitumie siku inayofuata. Nikirudi kazini mchana nafunua: betri imekauka. Mara ya kwanza nililaani mgao. Mara ya pili nikamlaani muuzaji. Mara ya tatu nikamtazama mdogo wangu.

Alikuwa ameshuka kutoka kwa mama, kule Mgeta milimani, aje kurudia mtihani wa kidato cha nne. Masomo yake ya ziada yalikuwa jioni, kwa hiyo asubuhi alibaki nyumbani peke yake. Tena alipenda filamu. Hayo yakanitosha.

"Unaangalia filamu nikiondoka."

"Dada, sijaigusa. Ila mbona kile kitaa cha bluu kinapepesa humo kabatini?"

"Umekionaje kama hukuifunua?"

"Kinaonekana kwenye khanga. Nilikuwa natoa shuka."

Mtoto wa watu alikuwa ananionyesha ugonjwa wenyewe kwa kidole, mimi nikaona nimemnasa. Siku ile nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Nilimwita mwizi. Nilimwita mwongo. Alisema "sijaigusa" mara nne, kila mara kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza. Kesho yake nilipotoka kazini godoro lake lilikuwa limekunjwa vizuri ukutani, naye amepanda gari la Mgeta. Mtihani ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Betri ikaendelea kukauka. Nyumbani nilikuwa peke yangu, ufunguo ninao mimi, na betri inakauka! Mtu mwenye akili angepanda gari siku hiyohiyo. Mimi niliona aibu, na aibu nikaifanya ukali, nikaanza kusema mashine ni mbovu tu. Zikapita wiki nne nzima ndipo nikaibeba kwa fundi.

Fundi aliigeuza mara moja.

"Mwalimu, mtandao wa bila waya unautumia wapi?"

"Siutumii. Mtaani kwetu haupo."

"Basi hujauzima. Hii yako hata ukiifunika inaendelea kuutafuta. Inatafuta mpaka betri inaisha."

Akasukuma kitufe kidogo ubavuni. Kitaa kikazimika. Kazi ya ukucha mmoja! Nilitamani kuibamiza ile laptopu sakafuni, na muuzaji wake juu yake, na mimi juu yao wote.

Jumamosi nilipanda Mgeta. Mtihani ulikuwa umeshaanza, na yeye hayumo. Nilimkuta kwenye matuta anachuma njegere. "Shikamoo, dada," alisema, vizuri kabisa, kama mama alivyotufundisha. Lakini hakunipokea mkoba. Tangu ajifunze kutembea hajawahi kuniona nina mzigo asiupokee.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama: kitufe, kitaa, mtandao usiokuwepo. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia fundi mwenyewe amethibitisha.

"Kwa hiyo fundi amesema sijaigusa," alisema.

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Ukamwamini."

"Ndiyo."

"Alikwambia mara ngapi?"

Nikasema mara moja. Akainama, akaendelea kuchuma.