Nilimfunga mbwa wangu mkanda mdomoni siku anazaa uzao wake wa kwanza

Wakuu, naanza na aibu kabisa ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee.

Mimi hapa, mtu mzima, baba wa mtoto mmoja, nimemfunga mbwa wangu mdomo kwa mkanda wa suruali akiwa katikati ya kuzaa.

Suruali yenyewe ikashuka. Nikabaki na bukta ya njano mchana kweupe, mkono mmoja nimeshika mbwa, mwingine natafuta suruali.

Haya. Mkimaliza kucheka, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Sijaongeza chumvi humu, na shahidi ninaye, tatizo lake huu mkasa anaupenda kuliko mimi.

Niko Misigiri, huku Iramba. Shule na mimi tuliachana form two, kwa amani tu. Nalima alizeti, nina mbuzi wachache, na nina mbwa jike anaitwa Mtasema.

Jina alimpa baba mkwe. Mzee alikuwa hapatani na jirani zake, basi kila jioni anasimama uani anamwita mbwa kwa sauti ya mkutano wa kijiji. Mbwa yuko miguuni kwake hapo hapo.

Mzee ndo akamtoa zawadi kwa binti yake, yani mke wangu, kakiwa kadogo kanaenea kwenye kofia. Kwa hiyo mkisikia nasema mbwa wangu, ni mdomo tu. Mbwa ni wa Mama Neema.

Sasa ili mnielewe mkanda ulitoka wapi, turudi nyuma kidogo.

Kabla ya hapo nilifuga nguruwe. Jike langu la kwanza likazaa tisa. Nikasema ngoja ninywe chai nipumzike, kazi nimefanya (kazi gani sijui, aliyezaa ni yeye). Narudi bandani nahesabu, watano. Nikahesabu kuanzia upande wa pili, watano. Mama mtu mdomo una damu.

Wafugaji wa kitimoto mnaijua hiyo. Jike la uzao wa kwanza linaweza kuchanganyikiwa likala watoto. Wazoefu wakaniambia dawa ni kusimama pale pale, kila kinachotoka unadaka unaweka kwenye boksi, mama akimaliza na akatulia ndo unamrudishia. Hilo somo lilinikaa kichwani kuliko yote ya shuleni.

Mke wangu siku ile hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Neema. Wanne."

Basi. Lakini toka hapo kila akinipakulia mboga anaponyamaza kidogo, naona kama anataka kusema wanne.

So Mtasema aliposhika mimba, nikajua huu ndo mtihani wangu wa marudio.

Nilijiandaa wakuu. Nikasafisha lile banda la nguruwe, nikalipaka chokaa, nikatandika magunia na kanga kuukuu. Nimesema kuukuu, mwenye kanga anasema vingine. Boksi la sabuni pembeni, ndani taulo. Wiki ya mwisho nikawa nazunguka lile tumbo kama nesi wa zamu.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio. Asubuhi Mtasema kagoma kula, anachimba chini, anahema, anazunguka. Mke wangu alikuwa anapeleka kuku gulioni, akamwangalia mara moja tu akajua.

"Leo huyu. We kaa mbali, mwangalie tu. Akishindwa mpigie daktari wa mifugo."

"Sawa."

"Nimesema kaa mbali."

Nikamwambia mama, mimi hapa nina experience. Aliniangalia, akabeba kuku wake akaenda.

Nikakaa mbali mpaka saa tano.

Saa tano Mtasema akajikunja, akajikamua, kikatoka kitu. Sasa mimi nilitegemea kitoke kitoto cha mbwa. Kimetoka kifuko. Cheusi, kinang'aa, kama juisi ya kufunga kwenye nailoni. Nguruwe hazai hivyo. Kitoto cha nguruwe kinatoka kinatafuta ziwa muda huo huo.

Bado nashangaa, Mtasema kageuka, kafungua mdomo, kapeleka meno.

Kichwani kwangu likapita neno moja tu. Wanne.

Nikaruka. Nikanyakua kile kifuko, nikatupia kwenye boksi. Mtasema akainuka hivyo hivyo na uchungu wake, akafuata boksi, akaingiza kichwa. Nikamvuta. Akarudi. Nikamvuta. Akarudi ametoa meno.

Hapo ndo nikavua mkanda.

Nikamzungushia mdomoni mara tatu. Mkanda wa suruali hauna tundu la saizi ya mdomo wa mbwa, so nikapiga fundo. Fundo la kufungia mzigo wa alizeti, lile ambalo halifunguki mpaka ufike.

Kelele zile zikamleta Shabani. Shabani ni fundi pikipiki, gereji yake iko mbele ya nyumba yangu, tumekua pamoja tangu tunachunga. Ni muislamu anayefuata dini yake vizuri, mbwa hamgusi, na enzi zile za nguruwe alikuwa ananisalimia akiwa barabarani. Akasimama mlangoni mwa banda.

"Profesa." Ananiita hivyo kwa sababu ya ile form two. "Unafanya nini?"

"Anakula watoto!"

"Kala wangapi?"

"Bado!"

"Na suruali yako nayo kala?"

Mi sina muda wa kujibu, nimemkumbatia mbwa shingo. Shabani akachungulia kwenye boksi. Utani ukaisha usoni.

"Profesa, hiki kiko ndani ya mfuko. Kinapumulia wapi?"

Wakuu, sikuwa nimefikiria hilo. Niliona meno nikaishia hapo. Nikageuka, nikaona kile kifuko kinacheza kidogo kidogo, mara kikaacha.

Nikamwambia Shabani chukua simu yangu kwenye ile suruali, mpigie daktari wa mifugo. Akaweka loudspeaker. Daktari ni mama mmoja wa makamo, siku hiyo yuko joshoni, nyuma yake ng'ombe wanalia.

"Shikamoo daktari, mbwa anataka kula watoto, nimemfunga mdomo."

Nikasikia ng'ombe tu.

"Nani kamfunga?"

"Mi mwenyewe."

"We baba, huyo hali mtoto. Anapasua kifuko mtoto apate hewa. Ndo mkunga wao, wewe umemfunga mkunga. Fungua huo mdomo sasa hivi, mbwa anatolea joto mdomoni, utamuua na yeye. Na mtu mwingine apasue mfuko, amfute mtoto pua, amsugue na kitambaa kikavu mpaka alie. Haraka!"

Nikashika fundo. Limelowa mate, limekaza. Mtasema anavuta kichwa nyuma, macho mekundu, ubavu unaenda mbio, na nyuma uchungu wa pili umeshaanza. Nikimwachia atakimbia na mkanda mdomoni. Siwezi kumwachia. Na boksi liko hatua tatu.

Nikamwangalia Shabani. Shabani akaangalia mikono yake, ina grisi.

Nikamwambia, "Kaka, ni mbwa huyo, tena kalowa."

Akapandisha mikono ya shati. "Mi nitaosha mara saba, na udongo mara moja, adhuhuri naswali kama kawaida. Huyu akishakufa utamwosha na nini?"

Akapiga magoti. Akapasua kifuko kwa kucha. Akatoa kitoto kimelegea kama soksi.

"Hakuna kitu."

"Sugua!"

"Nasugua!"

"Kichwa kiwe chini," daktari anapiga kelele kwenye simu, "sugua mgongo, msiache!"

Vidole vyangu vimeshindwa lile fundo. Nikaweka meno. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mimi na Mtasema pua kwa pua, natafuna ngozi ya mkanda wangu mwenyewe, ananiangalia kwa karibu kiasi kwamba mpaka leo nikila nyama ngumu namkumbuka.

Fundo likalegea. Mkanda ukatoka.

Alivuta hewa moja ndefu, ulimi nje. Hapo hapo wa pili akatoka. Mtasema akageuka, akapasua kifuko, akakata kitovu, akalamba pua, kitoto kikalia. Vyote hivyo kabla sijafuta mate mdomoni. Ile kazi niliyomnyang'anya hata haihitaji mtu.

Lakini wa kwanza bado yuko mikononi kwa Shabani, kimya. Mi nasema ilipita nusu saa, Shabani anasema dakika tatu.

Halafu ikatoka sauti, nyembamba, kama breki ya baiskeli iliyokauka.

Shabani akacheka kama analia. Mtasema akainua kichwa, masikio juu, akaanza kunguruma.

"Mrudishieni mama yake," daktari akasema.

Shabani akanipa kitoto. "Peleka. Mbwa wako."

Wakuu, hapa sitawadanganya. Daktari kaniambia, macho yangu yameona wa pili alivyohudumiwa, lakini moyoni bado nilikuwa na yule nguruwe. Nikanyoosha mkono. Mtasema hakuacha kunguruma. Mkono ukafika mbele ya mdomo ule ule niliokuwa nimeufunga.

Akafungua meno. Kichwa kizima cha kitoto kikaingia mdomoni.

Nikafumba macho.

"Vipi?" daktari anauliza. "Vipi huko?"

Nilipofumbua, alikuwa keshakilaza kwenye kanga, anakigeuza kwa ulimi, anakisukuma na pua kuelekea ziwa. Kikapapasa, kikashika, kikanyonya.

Mpaka saa nane walikuwa sita. Wote wazima. Hao wengine walizaliwa mimi niko nje ya banda, suruali nimefunga na kamba ya mbuzi.

Mke wangu aliporudi alihesabu. Akaniangalia kamba kiunoni. Akaenda akamshika Mtasema mdomo, akaona alama. Nikaeleza yote, maana Shabani angeeleza vizuri zaidi.

Hakupiga kelele. Alisema kuanzia leo banda lile sio lako, chakula cha Mtasema atapeleka yeye.

Kwa hiyo wakuu nilichojifunza: ujuzi wa nguruwe ubaki kwa nguruwe. Mbwa wa uzao wa kwanza mwandalie sehemu kavu, yenye utulivu, namba ya mtaalamu iwe karibu, halafu kaa mbali kama mlivyoambiwa na wake zenu. Mkono wako uingie pale tu mfuko unapobaki haujapasuliwa, au akijikamua muda mrefu hakitoki kitu, hapo piga simu. Na ukienda kuangalia, vaa suruali ya lastiki.

Waliosoma mifugo mje mnirekebishe. Na kama kuna mtu alishawahi kukosana na mbwa wake, aniambie walipatanaje, maana hiyo ndo shida niliyobaki nayo. Nikisogea tu Mtasema ananguruma. Nikimtupia mfupa anauacha.

Juzi nilimlalamikia Shabani pale gereji. Nikamwambia nimemlinda huyu mbwa miaka yote, leo ananiona mwizi.

Shabani akaweka spana chini.

"Profesa, mi nilikuwa nimesimama pale. Mkanda umetoka, ameumia, ana hasira, na wewe unampelekea mkono mbele ya meno na mwanae juu yake. Nikajua leo unaondoka na vidole vitatu, na wallahi ningemtetea yeye. Akachukua mtoto, mkono akauacha. Sasa niambie, mle bandani, wa kufungwa alikuwa nani?"