Kipande cha Uvimbe

Jumanne nilimpeleka shangazi hospitali hapa Isiolo. Tuliketi benchi moja na mzee kutoka kijiji cha Kulamawe na mkewe, ambaye angefanyiwa upasuaji wa titi kesho yake.

Akaja mtafiti, dada wa koti jeupe, akamwinamia mzee.

"Salaam aleikum, baba. Uvimbe ukitolewa, tunaomba kipande tukichunguze."

"Cha nini?"

"Seli za saratani zina vipokezi vya kushikilia. Zikihama, zinajishikiza navyo mahali pengine mwilini. Tunajaribu kingamwili za kuviziba, zikose pa kushika."

Mzee akafikiri. "Kama kupe kwa ngamia. Mnataka kumziba mdomo."

"Karibu hivyo, baba."

Mzee akanyoosha mkono achukue kalamu, atie sahihi fomu ya idhini. Mkewe akamshika kiganja.

"Huo uvimbe uko kwa nani?" akauliza.

Mtafiti akageuka, uso umemshuka. "Kwako, mama. Samahani."

"Hiyo dawa itanisaidia?"

"Hapana, mama. Bado ni utafiti. Labda itasaidia watu wa baadaye."

Mama akarekebisha shela yake. "Niko na wasichana wanne," akasema. Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja.

Nimeandika katika safu hii mara nyingi kwamba wagonjwa waulizwe. Lakini muda wote huo hata mimi nilikuwa nikimtazama mzee, nikisubiri jibu lake.

Mzee naye alitaka kutia sahihi. Mtafiti akamwonyesha mstari wa chini, wa shahidi.