Kibofu cha Baba na Maneno Niliyoyaruka

Baba yangu alichinja mbuzi katika soko la Kyuso kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila alipopasua tumbo, alitangulia kutoa kibofu: alikibana shingoni kwa vidole viwili, akakikata, akakitupa mbali ili hata tone lisiguse nyama. Kwa hiyo, siku daktari alipotueleza kwamba saratani iliyokuwa ikimfanya akojoe damu imeota ndani ya misuli ya kibofu, na kwamba kibofu chote hakina budi kuondolewa, digrii yangu ya chuo haikunipa ujuzi wa kumzidi Baba kuhusu kibofu.

Daktari alizungumza nami kwa Kiingereza, nami nikamfasiria Baba kwa Kikamba. Nilifasiri vibaya, tena kwa makusudi. Nilisema watatoa palipoharibika, kisha atapona. Sikusema kwamba mkojo ungetokea tumboni na kuingia katika mfuko maisha yake yote. Wala sikusema kwamba huenda unyumba ungekoma kati yake na mama yangu. Binti hamtamkii baba yake mambo hayo. Ndivyo nilivyolelewa, na siku hiyo malezi yakanipa pa kuficha woga wangu.

Baba alichukua kalamu atie sahihi fomu ya ridhaa, kisha akairudisha mezani.

"Mama," aliniambia, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, "daktari ameongea kwa muda mrefu kuliko wewe."

Akaendelea kwa upole kwamba kila mbuzi ana mirija miwili inayoshuka kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Wakikitoa kibofu, hiyo mirija wataielekeza wapi?

Nikamkiria daktari nilichofanya. Hakunikemea. Alivuta karatasi, akachora, akamweleza Baba mwenyewe kwa Kiswahili chepesi: angekata kipande kifupi cha utumbo mwembamba na kuuunga tena utumbo uliobaki. Kile kipande angekishonea mirija yote miwili upande mmoja, na upande wa pili angeutoa nje kwenye ngozi ya tumbo, pale ambapo mfuko ungebandikwa. Baba alifuata mchoro kwa kidole. Akauliza urefu wa kipande. Daktari akaonyesha kiganja chake.

"Huo utumbo ndio tunaoujaza nyama tukauita mutura," Baba alisema. "Kumbe unaweza kupandishwa cheo."

Daktari alipofikia habari ya unyumba, Baba alinituma nikamnunulie maji. Chupa aliyokuwa nayo haikuwa imefunguliwa. Niliporudi, fomu ilikuwa na sahihi yake.

Leo anaishi nami, pamoja na mama yangu, karibu na Mukuyuni. Mfuko huubadilisha mwenyewe asubuhi, kabla hajanywa chai, na kanisani hukaa benchi lilelile kila Jumapili. Namshukuru Mungu kwa mikono ya daktari yule. Namshukuru zaidi kwa kalamu iliyorudishwa mezani, maana bila hivyo Baba angeamka na kukuta tundu tumboni ambalo hakuna aliyemwomba ruhusa yake, na mimi ndiye ningekuwa nimeketi kando ya kitanda.

Kila tunapokwenda kliniki huingia peke yake. Mlangoni hunigeukia na kuniambia nimtafutie maji, nami huenda.