Samli ya Mama Mkwe

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, Babati nzima inajengwa, binti yangu aliporudi kutoka Dar es Salaam alikopasuliwa moyo. Amepona, anacheka! Nilipita mtaani kwetu Maisaka kichwa juu utadhani nimempasua mimi.

Kisha mguu wake wa kushoto ukavimba, kiatu cha shule kikakataa kuingia. Daktari wa hapa mjini akampima, akawapigia simu wenzake waliompasua. Bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa paja.

"Tutamchoma sindano za kuzuia damu isigande," akaniambia. "Ila mguu huu usichuliwe hata kidogo. Bonge likichomoka likaenda kwenye mapafu, tutampoteza."

Akalazwa. Kesho yake nani kaingia wodini? Mama mkwe, katoka Mbulu na kopo la samli! Kwao hakuna uvimbe usiochuliwa, na nusu ya kijiji imepita mikononi mwake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku keshafungua kopo.

"Mama, hapana."

"Hapana nini? Mguu wa mjukuu wangu unavimba, ninyi mnaukodolea macho tu?"

Jamani, mama mkwe hazuiwi! Lakini nilimshika mikono yote miwili, nikapaza sauti: "Ukiuchua utamuua!"

Wodi nzima ikatugeukia. Akafunika kopo, akaketi upande wa pili wa kitanda, hakunisemesha tena. Wala hakuondoka. Nami sikumwamini hata chembe, nikawa nasimama pale kutwa kama askari, sindano baada ya sindano.

Asubuhi moja nikachukua kile kiatu, nikamvalisha taratibu. Kisigino kiligoma kidogo, kisha kikazama.

"Bibi, ona! Kimeingia!" binti yangu akapiga kelele.

Nilipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja mbio! Daktari akaupima mshipa upya, akacheka: damu inapita, dawa aendelee nazo. Nilitaka kumbeba yule daktari mgongoni.

Mama mkwe alifuta machozi kwa kanga, akafungua kopo lake. Nikaruka. "Mama!"

"Nyamaza wewe. Kaa."

Nikakaa. Akainama, akanivua kandambili, akaipandisha miguu yangu mapajani mwake. Ilikuwa imevimba kwa kusimama, na mimi sikuwa hata na habari.

Akachota samli, akamgeukia daktari. "Na huyu mtoto wangu," akauliza, "naye amekatazwa kuchuliwa?"